Maziwa ya mama aliye mbali: kunyonyesha, kazi na safari katika Nachingwea na Ruangwa

Maziwa ya mama hutengenezwa kadiri yanavyotoka. Mtoto anaponyonya, au mkono unapokamua, ubongo huachia homoni mbili: prolaktini, inayoziamuru tezi za ziwa kutengeneza maziwa, na oksitosini, inayoyasukuma kuelekea kwenye chuchu. Ziwa likikaa limejaa kwa saa nyingi, mwili hupokea ishara ya kupunguza utengenezaji. Siku chache za kutonyonyesha wala kukamua hupunguza maziwa sana, na zikiwa wiki yanaweza kukauka kabisa. Mama anayesafiri bila mtoto wake, basi, ana mambo mawili ya kutunza kwa wakati mmoja: mtoto aliyebaki nyumbani na njaa yake, na ziwa lenyewe. Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, namna ya kuyatunza hayo mawili imebadilika mara kadhaa tangu karne ya 19. Kilichoibadilisha karibu kila mara kilikuwa kazi: ilifanyika wapi, na palikuwa umbali gani kutoka nyumbani.

Wenyeji wa eneo hili ni Wamwera, waliochanganyika na Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wangindo. Sehemu kubwa ya jamii hizi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwa desturi ya zamani mwanamume aliyeoa alihamia kwa wakwe zake. Jambo hilo lilikuwa na maana kubwa kwa mzazi. Mwanamke aliyejifungua aliishi na mama yake mzazi, dada zake, wadogo zake na mama zake wadogo, watu waliokuwa na haki na wajibu juu ya mtoto kama yeye mwenyewe. Akitoka kwa saa chache, mtoto hakubaki kwa mgeni.

Hata hivyo, mara nyingi mtoto hakubaki hata kidogo. Alifungwa mgongoni kwa mbeleko akaenda shamba na mama yake, na huko alilazwa kivulini huku binti wa miaka saba au minane akimwangalia. Akilia, jembe liliwekwa chini akanyonyeshwa. Mazao yalipoanza kukomaa, jamaa nzima ilihamia shambani ikajenga banda na dungu la kulindia nafaka dhidi ya nguruwe, nyani na ndege. Kwa kuwa nyumba nzima ilihama, mama na mtoto walihama pamoja, na swali la maziwa halikuzuka. Utaratibu huu ulimgharimu mama nguvu nyingi, lakini kwa upande wa maziwa ulikuwa imara kuliko wowote uliofuata, maana ziwa lilinyonywa mara kwa mara mchana na usiku.

Safari za kweli zilikuwepo pia: msiba wa mbali, kuuguza ndugu, njia ya kwenda pwani. Mama aliyelazimika kumwacha mtoto mchanga alimwacha kwa ndugu aliyekuwa naye ananyonyesha. Kwa Waislamu, ambao ni wengi katika mkoa huu, jambo hilo lilikuwa na sheria zake. Kurani inataja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, na inawaharamishia ndoa waliochangia ziwa moja. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa pwani ya Afrika Mashariki, udugu huo huthibiti kwa manyonyesho matano ndani ya miaka miwili ya kwanza. Kumkabidhi mtoto kwa ziwa la mwingine kulikuwa, basi, uamuzi wa kukumbukwa na wakubwa wa ukoo, maana ungerudi siku ya kuposa.

Imani nyingine mbili ziliongoza mwenendo wa mama anayenyonyesha. Ya kwanza ni ile ya kubemenda, yaani kwamba tendo la ndoa au mimba mpya wakati mtoto bado ananyonya humdhoofisha mtoto huyo. Maelezo yake hayakubaliani na tiba ya leo, lakini matokeo yake yalikuwa kuwatenganisha watoto kwa miaka miwili au mitatu, na mwenye kunyonya hakunyang'anywa ziwa mapema. Ya pili imeenea sana Afrika Mashariki: kwamba maziwa ya mama aliyeshinda mbali, hasa aliyetembea juani, huharibika ndani ya ziwa, na kwamba ni lazima akamue kidogo na kumwaga kabla ya kumpa mtoto. Maziwa hayachachi ndani ya ziwa. Lakini desturi hiyo inafunua jambo ambalo wanaofundisha unyonyeshaji hulipita haraka mno. Wanawake wa vijijini walijua kukamua kwa mkono tangu zamani. Wasichokuwa nacho ni sababu ya kuyahifadhi yaliyokamuliwa, na maziwa yaliyotoka kwenye ziwa bila mtoto yalikuwa ya kumwagwa.

Kuhusu chakula, mzazi alipewa uji mwepesi wa moto, mara nyingi wenye pilipili manga, na mchuzi wenye karanga, njugu au ufuta. Vyakula hivi vilimpa nguvu na joto, na kumtunza mama ni jambo jema kwa kila hali. Ila hakuna uji unaoweza kuchukua nafasi ya kunyonya au kukamua, na hapo ndipo wengi walipokata tamaa waliporudi safarini: walikula vizuri, lakini mtoto alikuwa amekwisha kuzoea uji na halivuti ziwa.

Zipo nyakati ambazo utaratibu huu wote ulivunjwa kwa nguvu. Misafara ya watumwa ya karne ya 19 kutoka upande wa Ziwa Nyasa kwenda Kilwa na Lindi ilipita kusini hapa. Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, ambamo Wamwera walishiriki na misheni ya Nyangao ilichomwa, vilifuatwa na njaa kali. Miaka kumi baadaye majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipigana Mahiwa, Oktoba 1917, yakila akiba za vijiji na kuwachukua wanaume kuwa wapagazi. Mwili wa mama huendelea kutoa maziwa hata akila kidogo kwa muda mrefu, ukichota kwenye akiba yake mwenyewe, lakini kukimbilia porini, kuugua na kufa kwa mlezi ni mambo ambayo ziwa haliwezi kuyashinda.

Amani iliporudi, hospitali za misheni zilianza kuleta safari ya aina mpya. Wabenediktini walikuwa Ndanda tangu mwaka 1906, Waanglikana walikuwa na hospitali Lulindi, na baadaye Mnero, ndani ya Nachingwea, ikawa kituo muhimu cha tiba. Daktari Mwingereza Leader Stirling, aliyekuja kusini mwaka 1935 na kufanya kazi Lulindi, alihamia Mnero mwaka 1949 na kukaa huko miaka mingi. Kati ya mwaka 1975 na 1980 alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Mgonjwa wa Ruangwa au wa vijiji vya ndani alitembea siku nzima au zaidi kufika hospitali kama hizo. Mama mwenye mtoto mchanga alifika naye mgongoni, akifuatana na ndugu wa kupika na kubeba. Wodi zilizojaa ndugu ziliwachosha wauguzi, lakini zilimweka mtoto karibu na ziwa, na ndiyo sababu mama aliyelazwa kwa wiki kadhaa aliweza kurudi kwao akiwa bado ananyonyesha.

Mabadiliko makubwa ya kwanza katika kazi yaliletwa na mradi wa karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kufyeka mapori ya Kongwa, Urambo na Nachingwea kwa lengo la kulima karanga kwenye ekari 3,210,000, na sehemu kubwa ya ekari hizo ilipangwa kusini. Mwaka uliofuata mradi ulikabidhiwa shirika la Overseas Food Corporation. Reli na bandari ya Mtwara vilijengwa kwa ajili yake. Mvua, udongo na mashine zilizoharibika viliuangusha, na Januari 1951 lengo la awali lilitangazwa kuachwa, baada ya mamilioni ya pauni kupotea. Ajira za mradi zilikuwa hasa za wanaume. Wake zao walibaki na mashamba yote mikononi, au walihamia pembezoni mwa kambi kuuza vyakula na pombe za kienyeji. Kwa mara ya kwanza wanawake wengi wa eneo hili walifanya kazi ya kila siku mbali na mama zao na dada zao, na msichana mlezi, aliyekuwa msaada tu, akawa ndiye tegemeo lote. Reli ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kilichobaki ni mji wa Nachingwea wenyewe na mashamba yenye namba badala ya majina.

Moja ya mashamba hayo, Shamba Namba 17, lilipewa wapigania uhuru wa Msumbiji. Kuanzia mwaka 1965 kambi ya chama chao, FRELIMO, huko Nachingwea iliwafundisha maelfu ya wapiganaji chini ya Samora Machel. Oktoba 1966 Kamati Kuu ya chama iliamua kwamba wanawake nao washiriki kikamilifu, na mwaka 1967 kundi la kwanza la wanawake, 25 kwa idadi, lilipokea mafunzo ya kijeshi Nachingwea. Miongoni mwao alikuwa Josina Muthemba, aliyezaliwa mwaka 1945, ambaye mwaka 1969 aliolewa na Machel na Novemba mwaka huo akajifungua mtoto wa kiume. Kazi ya wanawake hao ilikuwa kutembea: kubeba silaha na dawa, kuhamasisha vijiji, kukaa wiki nyingi ndani ya majimbo ya Cabo Delgado na Niassa huko Msumbiji.

Mama mwenye mtoto wa kunyonya hakuweza kwenda naye kila mahali, wala hakuwa na bibi wa kumwachia. FRELIMO ilijibu kwa malezi ya pamoja. Wanawake hao walianzisha vituo vya kulelea yatima na watoto wa wapiganaji, na Josina, akiongoza shughuli za jamii za chama tangu mwaka 1969, aliifanya kazi hiyo kuwa yake. Machi 1971 alikuwa Cabo Delgado kwa kazi hizo, mwanawe akiwa na mwaka mmoja na miezi michache na akilelewa nyuma. Aliugua, akarudi Dar es Salaam na kufariki tarehe 7 Aprili, akiwa na miaka 25. Vituo hivyo viliokoa maisha mengi na vinastahili nafasi katika historia ya Nachingwea. Lakini viliweza kumlisha mtoto bila kuweza kulinda maziwa ya mama yake. Safari ya wiki kadhaa kwa miguu, bila nafasi ya kukamua, kwa kawaida ilikuwa ndiyo mwisho wa kunyonyesha.

Kwa wakulima wa kawaida, pigo kubwa zaidi lilikuja na vijiji. Sehemu za kusini zilianza mapema kukusanya watu, kwa sababu za kiusalama karibu na mpaka wa Ruvuma na kwa sababu za siasa ya Ujamaa. Novemba 1973 amri ilitolewa kwamba ifikapo mwaka 1976 watu wote waishi vijijini. Familia zilizokuwa zimetawanyika kando ya mashamba yao zilihamishiwa kandokando ya barabara. Shule, zahanati na kisima vilisogea karibu, na hiyo ilikuwa faida ya kweli kwa mtoto. Mashamba na mikorosho ilibaki ilikokuwa. Wachunguzi wa zao la korosho huutaja umbali huo kuwa moja ya sababu za kuanguka kwa uzalishaji, uliofika takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74 kisha ukaporomoka kwa muongo mzima. Yaliyoandikwa juu ya mikorosho iliyoachwa ni mengi. Juu ya watoto wachanga walioachwa kijijini asubuhi ni machache sana, ingawa umbali ulikuwa uleule. Mama aliyezoea kunyonyesha shambani sasa alikuwa na mwendo wa saa moja au mbili kila upande. Kumbeba mtoto pamoja na jembe na maji ilikuwa kazi nzito, na binti wa kumlea sasa alitakiwa shuleni, kwa kuwa elimu ya msingi ilipanuliwa kwa wote mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970.

Hivyo mtoto wa miezi mitatu au minne alibaki kwa bibi, akapewa maji na uji mwembamba mpaka mama arudi. Ziwa lililokaa saa sita au saba bila kutolewa maziwa lilivimba, likauma, kisha likapungua. Mama aliona maziwa hayatoshi akaongeza uji, na uji ukayapunguza zaidi. Vituo vya kulelea watoto vilivyohimizwa na Umoja wa Wanawake wa Tanzania, uliokuwepo tangu mwaka 1962, pamoja na serikali za vijiji vilipokea hasa watoto wa umri wa kabla ya shule. Mtoto wa ziwa hakuwa na mahali katika mpango wowote. Taasisi ya Chakula na Lishe ilianzishwa mwaka 1973, na kazi yake ya miaka iliyofuata ilisaidia kuweka wazi kwamba utapiamlo wa vijijini hutokana pia na muda wa mama na idadi ya milo ya mtoto kwa siku, pamoja na uhaba wa chakula.

Ukimwi, ulioanza kujulikana nchini miaka ya 1980, ulifunga mlango mwingine. Kumpa mtoto ziwa la ndugu, suluhisho la zamani la safari ndefu, kukawa hatari, kwa kuwa virusi huweza kupita katika maziwa. Mama wenye maambukizi nao walipewa kwa miaka mingi ushauri uliobadilika-badilika, mpaka dawa za kufubaza virusi zilipowezesha wengi wao kunyonyesha kwa usalama zaidi. Wakati huohuo dunia ilianza kulitetea ziwa kwa sheria. Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni za kudhibiti uuzaji wa maziwa mbadala mwaka 1981, na Tanzania ikaweka kanuni zake mwaka 1994. Kati ya mwaka 2010 na 2013 Taasisi ya Afya Ifakara na washirika wake walitekeleza katika wilaya za Lindi na Mtwara, zikiwemo Nachingwea na Ruangwa, mpango ulioitwa Mtunze Mtoto Mchanga, ambapo wahudumu wa kujitolea waliwatembelea wajawazito na wazazi majumbani. Vifo vya watoto wachanga havikuonekana kupungua kwa sababu yake, lakini akina mama wengi zaidi walinyonyesha bila kuongeza kitu katika siku za mwanzo. Nchini kote, watoto wa chini ya miezi sita wanaonyonyeshwa maziwa ya mama peke yake walipanda kutoka asilimia 41 mwaka 2004/05 hadi 59 mwaka 2015/16.

Sheria ya kazi ilikuwa na historia yake. Shirika la Kazi Duniani, katika mkataba wake wa mwaka 1919, lilidai mapumziko mawili ya nusu saa kwa siku kwa anayenyonyesha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja, na inamtaka mwajiri amruhusu mama kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Kwa mwalimu anayeishi nyumba ya shule, saa hizo ni msaada mkubwa. Kwa mwalimu huyohuyo akiitwa semina Lindi au Mtwara hazina maana, kwa kuwa mtoto yuko mbali. Na kwa mama anayepalilia ufuta, kuokota korosho, kuuza chakula mnadani au kuchekecha mchanga wa dhahabu huko Namungo, hakuna mwajiri wa kumdai. Sheria imewafikia wachache, na wachache hao ndio waliokuwa na nafuu tangu awali.

Barabara nazo zilibadilisha hesabu. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na masika iliweza kumkwamisha msafiri wa Dar es Salaam kwa siku nyingi. Mama aliyeaga kwa siku tatu angeweza kurudi baada ya wiki mbili, akakuta ziwa limekauka. Barabara zilipoboreshwa, safari hiyo ikawa ya siku moja. Safari fupi zimeongezeka sana, na kwa safari fupi kukamua kunatosha, endapo mama amefundishwa.

Mashine za kukamulia si ngeni duniani: Orwell Needham alipata hataza ya moja Marekani mwaka 1854, na ya umeme ya Einar Egnell wa Uswidi ilianza kutumika mwaka 1956. Nachingwea na Ruangwa, mkono bado ndio chombo kikuu, na ni chombo kizuri. Mama hunawa, hukanda ziwa taratibu, huweka kidole gumba na cha shahada nyuma ya sehemu nyeusi, hubonyeza kuelekea kifuani kisha huviminya pamoja bila kuvutavuta ngozi. Ziwa moja na jingine kwa zamu huchukua dakika 20 hadi 30. Anayesafiri bila mtoto anahitaji kufanya hivyo kila baada ya saa mbili au tatu, na usiku angalau mara moja, kwa sababu prolaktini hupanda zaidi usiku. Hata asipoweza kuyatunza maziwa hayo, kuyatoa ndiko kunakoiweka hai kazi ya ziwa. Hapa desturi ya zamani ya kukamua na kumwaga ilikuwa na faida ambayo haikukusudiwa.

Kuyatunza ni kugumu zaidi. Maziwa yaliyokamuliwa kwenye chombo safi chenye kifuniko hukaa hadi saa nne kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, na hadi siku nne ndani ya jokofu. Mchana wa Ruangwa mara nyingi huzidi nyuzi 30, hivyo saa hizo hupungua, isipokuwa chombo kiwekwe mahali pa baridi kama pembeni ya mtungi wa maji, au nyumba iwe na umeme na jokofu. Mtoto hunyweshwa kwa kikombe kidogo, ambacho ni rahisi kukisafisha kuliko chupa na hakimsahaulishi ziwa. Benki ya maziwa ya mama, ambako maziwa ya mfadhili hupashwa moto kuua vijidudu, ilifunguliwa katika Hospitali ya Pumwani, Nairobi, mwaka 2019. Kwa mkoa kama Lindi, huduma ya aina hiyo ingelazimika kujibu kwanza swali la udugu wa kunyonya, kwa kuweka kumbukumbu ya nani alimpa nani.

Mama akirudi akakuta maziwa yamepungua, njia ya kuyarudisha ni kumweka mtoto kifuani mara nyingi, mara nane hadi kumi na mbili kwa siku na usiku, ngozi kwa ngozi, na kukamua baada ya kila mnyonyo. Kwa kawaida maziwa huongezeka ndani ya siku chache, na yaliyokauka kabisa huweza kurudi baada ya wiki moja au mbili, mtoto akiwa bado mchanga na akikubali kuvuta. Sehemu mbalimbali za Afrika, hata bibi walioacha kunyonyesha miaka mingi waliwahi kutoa maziwa tena kwa kumnyonyesha mjukuu aliyefiwa na mama.